Kuchomeka vifaa kompyuta ikiwa imewashwa: hatari hutegemea aina ya tundu

Tarehe 20 Aprili 1998, katika maonyesho ya teknolojia ya Comdex mjini Chicago, Marekani, mfanyakazi wa Microsoft, Chris Capossela, alichomeka skana kwenye kompyuta iliyokuwa imewashwa. Nia yake ilikuwa kuonyesha wepesi wa programu mpya ya Windows 98. Papo hapo skrini ikageuka buluu na kompyuta ikakwama, Bill Gates akiwa jukwaani.

Hitilafu ya siku hiyo ilikuwa ya programu. Hata hivyo, kuchomeka kifaa wakati umeme unapita kunaweza pia kuharibu kompyuta yenyewe, na kiasi cha hatari hutegemea aina ya tundu linalotumika.

Mfumo wa USB, uliotolewa mwaka 1996, ulibuniwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ndani ya plagi yake, pini za umeme ni ndefu kuliko pini za data. Kwa hiyo umeme hutangulia kufika na huwa wa mwisho kukatika, na kifaa hakipokei ishara kabla ya kuwa tayari. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na hadi miliamperi 500 tu.

Matundu ya zamani hayakupewa kinga hiyo. Tundu la mviringo la PS/2, lililoletwa na IBM mwaka 1987 kwa ajili ya kibodi na kipanya, halikukusudiwa kuchomekwa wala kuchomolewa kompyuta ikiwa imewashwa. Mara nyingi kifaa hakitambuliwi hadi kompyuta iwashwe upya. Pini zikigusana vibaya, fyuzi ndogo iliyomo kwenye ubao mkuu inaweza kuungua, na kwa kuwa imegandishwa kwa risasi, kuibadilisha ni kazi ya fundi. Printa za zamani zenye waya mpana wa pini 25 nazo zahitaji tahadhari. Pale ambapo soketi za nyumba hazina waya wa ardhi, printa na kompyuta huweza kutofautiana kwa volti, na tofauti hiyo hupita kwenye waya wa data mara vinapounganishwa.

Suala hili lingali na uzito Afrika Mashariki, ambako kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo huuzwa kwa bei nafuu na baadhi yake zina matundu hayo.

Sehemu za ndani, kama kumbukumbu na kadi, hazipaswi kuguswa umeme ukiwapo. Kompyuta ya mezani iliyozimwa kwa kitufe cha mbele tu bado huwa na umeme kidogo kwenye ubao wake, hivyo ni lazima plagi ichomolewe ukutani.

Hata kwa USB, kuchomoa kuna hatari yake. Kompyuta huweza kuonyesha kwamba imemaliza kunakili faili ilhali sehemu yake ingali kwenye kumbukumbu. Flashi ikichomolewa ghafla, faili hizo huharibika. Mtumiaji aamuru kwanza flashi itolewe kwa usalama.

Asiyelifahamu tundu lililo mbele yake azime kompyuta, achomoe plagi ukutani, ndipo aunganishe kifaa. Kusubiri dakika mbili ni nafuu kuliko kununua ubao mpya.