Mizizi Hukatwa Ili Bonsai Iishi

Wengi wanaoutazama msonobari wa bonsai, wenye shina la kizee ndani ya chungu kifupi, huamini kwamba umedumazwa kwa kukatwa mizizi. Historia ya sanaa hii ya kukuza miti midogo chunguni yaonyesha kinyume chake: mizizi hukatwa ili mti uishi. Chimbuko la sanaa hiyo ni China. Michoro ya kaburi la mwanamfalme Li Xian, ya mwaka 706, inaonyesha mtumishi aliyebeba chombo chenye vimiti na mawe. Huko Japani, ambako sanaa hiyo ilifika baadaye, miti mingi iliyothaminiwa zamani ilichimbwa milimani, ikiwa tayari imefupishwa na upepo, theluji na udongo haba. Miti ya aina hiyo ni adimu, na mlima hauoteshi mwingine kwa haraka. Hivyo kazi ikahamia vitaluni, kama vile vya Kinashi mjini Takamatsu, maarufu kwa misonobari, na mkulima akalazimika kuanza na mche.

Mwisho wa baridi, kabla machipukizi hayajafunguka, mche hung'olewa, udongo ukapukutishwa, kisha mzizi mkuu unaoshuka wima ukakatwa. Mizizi ya pembeni hutandazwa kuzunguka shina. Mzizi mnene hushikilia mti, lakini maji na virutubisho hufyonzwa hasa na vijizizi vyembamba, navyo huchipuka kwa wingi karibu na jeraha. Mkulima akichelewa hadi mzizi unenepe, jeraha huwa kubwa na mti waweza kufa. Baadaye kazi hurudiwa kila baada ya miaka michache, la sivyo mizizi hujisokota chunguni, udongo ukakosa hewa na mti ukadhoofika.

Wapo wanaosema kukata mizizi ni ukatili. Lakini katika vitalu vya misitu vya Afrika Mashariki pia, mizizi inayotoboa viriba hukatwa, na miche hiyo hukua ikawa miti mirefu. Kinachoifanya bonsai ibaki ndogo ni chungu chenyewe pamoja na kupogolewa matawi mara kwa mara. Msonobari wa familia ya Yamaki, uliotunzwa tangu 1625, ulinusurika bomu la atomiki la Hiroshima mwaka 1945, ukazawadiwa Marekani mwaka 1976, na ungali hai Washington. Mti uliodhulumiwa haufiki karne nne chunguni. Kwa hiyo anayetaka kuanza bonsai aishughulikie mizizi kwanza, mche ungali mchanga. Matawi yatasubiri, mizizi haisubiri.