Wimbi la Tatu: Miaka 24 ya Kutafuta Sauti Ndani ya Jiwe

Jiwe lililolowa maji ni vitu viwili kwa pamoja: kiunzi kigumu, na maji yaliyojaa katika vitundu vyake. Sauti ikipita humo, je, viwili hivyo hutikisika pamoja au kila kimoja hushika njia yake? Kwa wachimba mafuta swali hilo lilikuwa la fedha, maana mafuta hukaa katika vitundu vya mwamba, nao huupima mwamba huo kwa mawimbi.

Jibu lilitoka kwa Maurice Biot, mzaliwa wa Antwerp, Ubelgiji. Mwaka 1941 alieleza jinsi udongo uliojaa maji unavyodidimia ukibebeshwa uzito, akipanua kazi ya Karl Terzaghi. Mwaka 1956 akachapisha makala mbili kuhusu mawimbi. Hesabu zake zilitoa mawimbi matatu: moja la kutikisa kiunzi kwa ubavu, na mawili ya mgandamizo. Katika la kwanza la mgandamizo, kiunzi na maji husogea pamoja, na wimbi hukimbia. Katika la pili, kiunzi kikienda huku maji huenda kule, na wimbi hujikokota. Mrusi Yakov Frenkel alikuwa amekwisha kuligusia jambo hilo mwaka 1944.

Lakini wimbi hilo la pili halikuonekana.

Kilicholificha ni mnato. Mtikisiko ukiwa wa taratibu, maji yote ndani ya kitundu hung'ang'aniwa na kuta, na nguvu ya wimbi huishia kwenye msuguano. Mtikisiko ukiwa wa haraka sana, hunaswa utando mwembamba tu kandokando ya kuta, na maji ya katikati hubaki huru. Ukizidi tena, punje zenyewe hulitawanya wimbi. Mjaribu alihitaji altrasaundi, na kitu chenye vitundu vilivyoungana, vya upana wa kutosha, na kiunzi imara.

Mwaka 1980 Thomas Plona, mtafiti wa maabara ya Schlumberger-Doll huko Ridgefield, Connecticut, alikipata. Alichukua bamba la shanga ndogo za kioo zilizochomwa hadi zikashikana, akalizamisha majini, akalipitishia altrasaundi huku akilizungusha pembe baada ya pembe ili mawimbi yaachane. Yalifika matatu. La kasi zaidi lilikwenda takriban mita 4,000 kwa sekunde. La mwisho takriban mita 1,000, pungufu hata ya sauti katika maji matupu, ambayo ni kama mita 1,500.

Biot alifariki mwaka 1985, miaka mitano baada ya hesabu zake kuthibitishwa. Nadharia aliyoiandika kwa ajili ya udongo na miamba ikahamia kwenye tiba: mwaka 1997 Hosokawa na Otani, watafiti wa Japani, waliyapima mawimbi yote mawili ya mgandamizo katika mfupa wa ng'ombe wenye vitundu, na tangu hapo wanaochunguza ugonjwa wa mifupa kupungua uzito wanazitumia hesabu zilezile.