Wanawake wa Madhapar

Madhapar, kijiji kikubwa kilicho jirani na mji wa Bhuj huko Kutch, Gujarat, hutajwa sana kwa amana zake za benki. Nyingi ni fedha za wenyeji waliohamia Kenya, Uingereza na kwingineko. Waashi wengi wa Kipatel waliojenga Nairobi walitoka vijiji vya upande huo. Kinachonivutia mimi ni waliyoyafanya wanawake waliobaki.

Desemba 1971, katika vita vya India na Pakistan, ndege za Pakistan zilipiga mabomu njia ya kurukia ndege ya Bhuj. Wanawake wapatao 300, wengi wao wa Madhapar, waliitengeneza ndani ya saa 72. Walivaa sari za kijani wasionekane kutoka angani, wakaifunika njia kwa samadi ya ng'ombe. King'ora kikilia, mbio vichakani, kikinyamaza, kazini. Wengine walikuwa wameacha watoto wachanga kwa majirani.

Serikali iliwapa rupia 50,000. Wakazitoa kwa ujenzi wa ukumbi wa kijiji. Mnara wao wa kumbukumbu ulizinduliwa Madhapar zaidi ya miaka 40 baadaye! Baadhi yao hawakuuona.