HAKI ZA RAIA: Jinsi ya kulalamikia kaunti inayoanika siri zako

MZAZI anayemwombea mwanawe basari katika wadi hujaza fomu ndefu. Huandika nambari ya kitambulisho, simu, kipato cha nyumbani na pengine kwamba mtoto ni yatima. Wiki chache baadaye huenda akaikuta orodha yenye maelezo hayo yote imebandikwa ubaoni nje ya afisi, kila mpita njia akiisoma. Wengi hunyamaza, wakihofu kwamba anayelalamika atanyimwa basari mwaka ujao.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini sheria iko upande wa mzazi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo kutofichuliwa pasipo sababu mambo ya familia yake. Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutekelezwa Novemba 25, 2019, inazibana taasisi za umma sawa na kampuni. Hivyo serikali zote 47 za kaunti, zilizorithi kazi za mabaraza ya miji na ya kaunti mnamo 2013, ziko chini yake.

Hata hivyo, si kila jambo huhitaji idhini ya mwananchi. Kaunti yaweza kutumia jina la mwenye ploti kumtoza ada ya ardhi, au la mfanyabiashara kumpa leseni, maadamu inatimiza wajibu wa kisheria. Isichoruhusiwa ni kukusanya zaidi ya inachohitaji, kukitumia kwa jambo jingine, au kukihifadhi kupita muda unaofaa.

Kipimo hicho chatatua suala la ubao. Umma una haki ya kujua pesa za basari zilikokwenda, kwa hivyo kutangaza waliofaidika kuna sababu. Kutangaza uyatima wa mtoto au nambari ya simu ya mamaye hakuusaidii umma kwa lolote. Habari za afya, ambazo zahanati na hospitali za kaunti hurekodi kila siku, zina ulinzi mkali zaidi: zishughulikiwe na mhudumu wa afya au mtu mwingine anayefungwa na wajibu wa kutunza siri.

Mwenye lalama aanze kwa kuiandikia afisi husika na kubaki na nakala yenye tarehe. Kwa mujibu wa kanuni za 2021, anayeomba kuona data yake anapaswa kupewa katika siku saba, bila malipo. Anayetaka kosa lirekebishwe anapaswa kuhudumiwa katika siku 14. Akikataliwa, aelezwe sababu kwa maandishi.

Asiporidhika, apeleke malalamishi kwa Kamishna wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi. Picha ya ubao, nakala ya fomu na majina ya waliompokea afisini ni ushahidi wa maana. Mtu mwingine aweza kulalamika kwa niaba yake. Uchunguzi unapaswa kukamilika katika siku 90.

Kamishna aweza kuamuru kosa lirekebishwe, au kutoza faini isiyozidi Sh5 milioni. Septemba 2023, alitangaza faini ya Sh4.55 milioni dhidi ya shule moja iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Faini si fidia, lakini Kifungu cha 65 cha Sheria kinamruhusu aliyedhurika kudai fidia, hata kama hasara yake ni fadhaa wala si pesa.

Data ikivuja au kuibwa na kuhatarisha watu, kaunti yenyewe inapaswa kumwarifu Kamishna katika saa 72 tangu ijue, kisha kuwaarifu waathiriwa.

Orodha ikishasomwa haifutiki vichwani mwa watu. Ndiyo maana mzazi anayeikuta ubaoni leo anafaa kuipiga picha na kuandika barua siku iyo hiyo, ili ya muhula ujao isije na siri za mtoto mwingine.