Tasi Wawili na Mfereji wa Suez

Mtu wa pwani akimtoa tasi wavuni huitazama miiba kwanza. Wengine wenu mnamwita tafi au chafi, lakini uchungu wa mwiba wake ni mmoja, maana una sumu. Leo nawaletea habari za jamaa zake wawili wa Bahari ya Sham, ambao sisi wahandisi tuliwafungulia njia pasipo kuwakusudia.

Wa kwanza kitaalamu anaitwa Siganus rivulatus. Aliandikwa na Peter Forsskål, mtaalamu wa msafara wa Denmark uliokwenda Arabuni. Forsskål alifia Yemen mwaka 1763, na mwenzake Carsten Niebuhr akaichapisha kazi yake mwaka 1775. Hilo jina Siganus limetoka katika Kiarabu cha watu wa huko, waliomwita samaki huyu sijan. Wa pili ni Siganus luridus, aliyeelezwa na Eduard Rüppell wa Frankfurt mwaka 1829.

Kuwatofautisha si kazi. Rivulatus ni mwembamba kiasi, ana mistari myembamba ya manjano ubavuni na mkia wa panda, na hutembea kwa makundi makubwa. Luridus ni mpana zaidi, rangi yake kahawia iliyokoza, mkia wake hauna panda ya kina, naye hupenda vikundi vidogo penye mawe. Wote wawili chakula chao ni mwani.

Sasa tuje kwenye mfereji. Mwaka 1799 wapimaji wa Napoleon walikosea hesabu, wakasema Bahari ya Sham iko juu kuliko Mediterania kwa karibu mita 10. Vipimo vya mwaka 1847 vilionesha kwamba bahari hizo zinakaribia kuwa sawa. Kwa hiyo Ferdinand de Lesseps aliweza kuchimba mfereji wa wazi usio na milango ya maji, kuanzia 1859 hadi ulipofunguliwa Novemba 1869. Linganisheni na Panama, 1914: kule meli hupandishwa kwa milango hadi ziwa la maji baridi, na samaki wengi wa baharini hawawezi kulivuka.

Hata Suez, mwanzoni, palikuwa na kizuizi. Katikati ya njia yapo Maziwa Machungu, ambayo chini yake palikuwa na tabaka nene la chumvi, na maji yake yakawa makali mno. Chumvi ile iliyeyuka polepole kwa miongo mingi. Rivulatus alionekana pwani ya Palestina miaka ya 1920, na luridus akafuata katika eneo hilo miaka ya 1950. Kisha Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, likazuia mafuriko ya Nile yaliyokuwa yakimwaga maji baridi karibu na mlango wa kaskazini wa mfereji. Waliokuja nyuma wakaikuta njia nyepesi zaidi.

Uchunguzi wa vinasaba umeonesha kwamba tasi hawa wa Mediterania hawakutokana na wachache waliopotea njia. Walivuka wengi. Huko Uturuki na Ugiriki wamekula misitu ya mwani wa miambani mpaka mahali pengi pamebaki mawe matupu, na viumbe waliojificha humo wamekosa makao. Lakini Cyprus watu wamekwisha kuwazoea na kuwala, na bei yao ni nzuri.

Simlaumu de Lesseps. Elimu ya zama zake haikumpa hesabu hiyo. Lakini mfereji umepanuliwa tena mwaka 2015, na wakati huo mambo haya yalikuwa yanajulikana. Mhandisi anayeunganisha maji mawili aketi na mtu wa samaki kabla ya kuchora ramani, kwa sababu mwani ukishaliwa wote, hakuna tingatinga la kuurudisha.