Walitoa Damu Tu

Kazi yangu ni kuandika maombi ya hataza. Mtafiti akija na dawa, mashine ama mbegu, namhoji mpaka nijue ni kipi hasa kipya, kisha nakiandika kwa lugha kavu ya kisheria. Swali linalonisumbua zaidi kwenye fomu wala si la sayansi. Ni hili: nani aliyevumbua?

Juzi mwanafunzi mmoja wa uzamivu alinijibu bila kusita, "Ni mimi na prof." Nikamuuliza sampuli alizitoa wapi. Akanyamaza kidogo. "Kwa watu, dada. Lakini wao walitoa damu tu."

Hiyo "tu" ilinipeleka moja kwa moja hadi Majengo, kule Pumwani.

Miaka ya themanini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuwatibu na kuwafuatilia wanawake wa Majengo waliouza ngono. Ukimwi ulikuwa unasambaa kwa kasi. Lakini kumbe wachache kati yao, licha ya kukutana na virusi mwaka baada ya mwaka, hawakuambukizwa. Wanasayansi wa Oxford walipochunguza damu yao, walikuta chembe za kinga zinazotambua na kuua seli zilizoingiwa na HIV. Ujuzi huo ulisaidia kubuni chanjo iliyolenga aina A ya virusi, ile iliyoenea Kenya. Majaribio kwa binadamu yalianza Oxford mwaka 2000, yakafika Nairobi mwaka 2001.

Hapo katikati, bomu likalipuka. Ilijulikana kwamba upande wa Uingereza ulikuwa umeomba hataza ya chanjo bila kuwashirikisha wenzao wa Nairobi. Kelele zikapigwa, watu wakaketi, makubaliano yakaandikwa upya, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikapewa sehemu yake katika umiliki.

Ni rahisi kuwacheka madaktari wetu kwa kuchelewa kushtuka. Lakini kumbuka tulikotoka. Hadi sheria yetu wenyewe ilipoanza kufanya kazi mwaka 1990, hukuweza kupata hataza Kenya kabla ya kuipata Uingereza. Hapa ulikuja tu kuisajili. Taasisi ya KIPI yenyewe ilianza 2002. Mtafiti wa Nairobi alifunzwa kuchapisha makala. Nani angemfunza kulinda kazi yake?

Chanjo yenyewe haikufua dafu. Kufikia 2004 ilikuwa wazi kwamba haiamshi kinga ya kutosha, na hapakuwa na faida ya kugawana. Kuna wanaosema basi ugomvi wote ule ulikuwa wa bure. Mimi nakataa. Mgao hupangwa kabla ya mavuno, kwa sababu baada ya mavuno mwenye ghala ndiye huamua.

Sasa, ukweli mchungu ni kwamba sheria haingewaita wale wanawake wavumbuzi. Mvumbuzi ni aliyebuni suluhisho. Kutoa damu hakuhesabiki. Siwezi kuandika majina yao kwenye kile kisanduku, hata nikitaka. Ila mkataba unaweza kusema kile ambacho hataza haiwezi: nani atapata dawa kwanza, kwa bei gani, na kliniki itabaki wazi mpaka lini.

Nilimwomba yule mwanafunzi aniletee fomu ya ridhaa waliyotia sahihi watu wake. Akaileta. Kurasa nne, na hakuna mstari hata mmoja kuhusu mapato.

Anawasilisha matokeo kwenye kongamano mwezi ujao. Sheria ya Kenya inampa miezi 12 baada ya kutangaza. Ulaya, akishafungua mdomo, huenda amekosa. Kwa hiyo ananipigia kila asubuhi. "Dada, tayari?"

Upande wangu uko tayari. Nimemwambia arudi kwanza kwa wale waliotoa damu.