Kutoka Bongaon hadi Nakivale: Historia ya Kinywaji cha Mtoto Anayeharisha

Mwaka 2013 mdogo wangu, akiwa na umri wa miaka miwili, aliharisha siku mbili mfululizo. Tulikuwa wageni Nakivale, upande wa Rubondo, baada ya kukimbia Goma. Mama alinipa pesa nikanunue sukre, kama sisi Wakongo tunavyoita soda. Maji yalikuwepo kwenye jerikeni mlangoni, lakini hakutaka mtoto ayanywe. Insha hii inaeleza kwa nini mama alichagua hivyo, na kwa nini uchaguzi huo, ingawa ulikuwa na sababu zake katika historia, ulikuwa wa hatari.

Sababu yenyewe inaanzia Julai 1994. Mama alikuwa msichana mjini Goma wakati mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa siku chache tu. Wengi walichota maji ya Ziwa Kivu yasiyosafishwa. Ardhi ya huko ni mwamba wa volkeno, hivyo kuchimba vyoo kulikuwa kazi ngumu. Kipindupindu kililipuka, kikafuatwa na kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza wakafa watu karibu 50,000. Mama aliona maiti zimefungwa kwenye mikeka kando ya barabara. Funzo lililomkaa moyoni ni kwamba maji huua. Soda, kwa kuwa chupa yake imefungwa kiwandani, aliiona salama.

Hata hivyo, hiyo ni nusu ya historia. Nusu ya pili ilitokea mwaka 1971 huko Bongaon, India, karibu na mpaka wa nchi ambayo leo ni Bangladesh. Kipindupindu kiliwaingia wakimbizi wa vita, na dripu zikawa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya maji, chumvi na sukari, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, vilivyokuwa kama asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka chini ya asilimia 4. Siri yake ni ndogo: sukari kidogo husaidia utumbo kufyonza chumvi, na chumvi huvuta maji kuingia mwilini. Soda haifanyi hivyo. Chumvi yake ni kidogo mno, na sukari yake nyingi huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha tumboni. Mtoto anakunywa, lakini anazidi kukauka.

Niliporudi na chupa, nilimkuta kwetu bibi jirani, Mnyarwanda aliyewahi kuishi katika kambi ya Mugunga, karibu na Goma. Aliitazama chupa, akamwambia mama, "Mama, sukre ni ya sherehe. Huyu anataka maji." Mama akajibu, "Maji ndiyo yaliyowamaliza watu wenu, bibi." Bibi hakukasirika. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akapima lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kufuta juu. Mdogo wangu alinyweshwa kwa kijiko usiku kucha. Asubuhi alilia, na machozi yakatoka. Bibi akasema hiyo ndiyo dalili aliyokuwa akiingoja.

Leo ninasoma Mbarara, na kila nikirudi nyumbani Nakivale naona watoto wagonjwa wakinunuliwa soda kwa upendo uleule. Sikubaliani na wanaosema kwamba wazazi hao ni wajinga tu. Anayeogopa maji ana kumbukumbu, na mara nyingi kumbukumbu hiyo ni ya kweli. Kumwambia "acha soda" bila kumhakikishia maji safi ni kumtaka asahau aliyoyaona kwa macho yake.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Tunapoandika historia yake, tunahesabu vita, mipaka na idadi ya watu. Naona tuandike pia kilichokuwa ndani ya kikombe cha mtoto. Maarifa yaliyomwokoa mdogo wangu yalijaribiwa katika kambi ya wakimbizi, na yakamfikia kwa mkono wa mkimbizi. Ni urithi wetu pia, na haufai kupotea kwa sababu tulikumbuka vifo tu.